Figo na Bwawa

Siku moja, huko Msambweni, tulidurusu moyo, ubongo na figo. Nikawaeleza wanafunzi kuwa figo mbili, kila moja kadiri ya ngumi, huchuja lita 180 za maji ya damu kwa siku, na kutoa mkojo wa lita moja na nusu tu.

Mvulana akauliza, "Mwalimu, na mkojo ukiwa na damu?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Utotoni niliiona damu hiyo nikanyamaza kwa aibu. Kumbe ni kichocho, ambacho hutoka kwa konokono wa mabwawa tuliyoogelea. Kikiachwa huziba njia ya mkojo na kuharibu figo. Siku ya pili nilimpeleka zahanati, akapewa vidonge.

Aibu huficha maradhi, swali huyafichua.