Kipya Kinyemi, Lakini Memori Je?

Leo naweka siasa pembeni. Kuna mjadala umeingia ndani ya ukoo wetu na haujapata mwenyekiti wa kuufunga, nami nimeona niumwage hapa kibarazani kwa sababu najua wengi wenu mko njia panda hiyohiyo.

Mtoto wa mama yangu mdogo anaishi kwa kuhariri video za harusi na sendofu hapa Dar es Salaam. Usiku anajifunza Blender, ile programu ya bure ya kutengeneza picha za pande tatu, maana ndoto yake ni filamu za katuni. Kompyuta yake ameiunga mwenyewe kwa vipuri vya mtumba, na ndani yake mna kadi ya grafiki ya NVIDIA, RTX 3060 yenye memori ya gigabaiti 12. Sasa anataka kuiuza, ajazie kwa akiba aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya kamera ya pili, anunue RTX 4060. Ukimuuliza kwa nini, anajibu: "Kaka, si ndiyo mpya?"

Hapo ndipo uandishi wa habari unaponiwasha. Ukimpelekea mhariri wetu namba tupu, swali lake ni moja tu: ukilinganisha na nini? Kwamba 4060 ni kubwa kuliko 3060, hilo halihitaji shahada. Lakini jina la kadi ni kichwa cha habari tu. Habari yenyewe iko chini.

Haya, tushuke chini.

Tuanze na haki ya mpya. RTX 3060 ilitoka Februari 2021 kwa bei rasmi ya dola 329 kule Marekani. RTX 4060 ilitoka Juni 2023 kwa dola 299. Mpya inakula wati 115, ya zamani wati 170. Kwa sisi tunaonunua umeme wa LUKU hilo si jambo dogo: tofauti ya wati 55, kadi zikifanya kazi kwa nguvu zote saa 6 kila siku, ni karibu uniti 10 kwa mwezi. Kwenye magemu mengi, kwa skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080, mpya inatangulia, ingawa si kwa hatua ndefu. Tena ina ufundi wa kubuni fremu za ziada katikati ya fremu halisi ili gemu lionekane laini zaidi, na inaweza kuandika video za mfumo wa AV1. Ya zamani inazisoma tu, haiziandiki.

Ungeishia hapo, ungetoa pesa mfukoni. Lakini soma na aya ya pili.

RTX 4060 ina memori ya gigabaiti 8. Naam, mpya ina chache kuliko ya zamani! Na njia ya kwenda kwenye memori hiyo ni ya biti 128, wakati ya zamani ni biti 192. Kwa hiyo mpya inapitisha gigabaiti 272 kwa sekunde, ya zamani 360. NVIDIA walijua hilo, wakaongeza ghala dogo la karibu, lile la L2, kutoka megabaiti 3 hadi 24, ili kadi isilazimike kwenda kwenye memori kila mara. Kwenye magemu dawa hiyo inasaidia. Lakini haiongezi hata gigabaiti moja ya nafasi.

Memori ya kadi ni kama meza ya fundi cherehani. Fundi awe na mikono myepesi kiasi gani, kitambaa kikizidi meza ataanza kukikunja na kukikunjua. Kazi ya Blender inayotaka gigabaiti 10 itatandikwa yote kwenye 3060. Kwenye 4060 itamwagika, na kadi italazimika kuazima memori ya kompyuta yenyewe. Hapo kazi ama inaburuza, ama inakatika.

Na kuna jambo ambalo halikuandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Kadi huchomekwa kwenye mazabodi kupitia tundu la PCIe lenye njia 16. RTX 3060 inatumia zote 16, RTX 4060 inatumia 8 tu. Kwenye mazabodi yenye PCIe 4.0 huwezi kulalamika sana. Kwenye ya PCIe 3.0, kama ya ndugu yangu, mlango unabaki nusu, na utauhisi hasa pale memori inapomwagika.

Usidhani tatizo limeishia hapo. RTX 5060, iliyotoka Mei 2025, imefikisha gigabaiti 448 kwa sekunde kwa sababu ya memori ya GDDR7. Lakini ukubwa? Gigabaiti 8 zilezile.

Sisemi 4060 ni kadi mbaya. Anayecheza magemu, au anayeunga kompyuta kuanzia mwanzo na bili ya umeme inamtisha, aichukue kwa amani. Lakini mtu mwenye 3060 ya gigabaiti 12, ambaye wateja wake wanataka video ya H.264 ifunguke kwenye simu na kwenye runinga, kazi hiyo kadi zote mbili zinaifanya. Bibi harusi hataiona kadi iliyomo ndani ya kompyuta. Kamera ya pili ataiona, na mama mkwe ataiona pia, na ndiyo itakayoleta oda nyingine. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

Kwa mnaotafuta 3060 ya mtumba, mambo mawili. Kwanza, mwishoni mwa 2022 ilitoka nyingine yenye jina hilohilo, lakini ya gigabaiti 8 na njia ya biti 128. Mwambie muuzaji afungue programu ya GPU-Z, usome mwenyewe. Pili, Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi Septemba 2022, kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana ziliingia sokoni. Omba iwashwe na kupewa kazi nzito kwa nusu saa mbele yako, sikiliza feni, angalia joto. Muuzaji akikwambia hana umeme wa kuchezea, mshukuru, uende duka la pili.