Imani kwa Lugha ya Wanajeshi

Nikimwambia mtu hapa chuoni kwamba nililelewa katika kikundi cha dini chenye masharti makali, swali la kwanza huwa ni Kanungu. Mwulizaji hushusha sauti na kunitazama kana kwamba nguo zangu bado zinanuka moshi. Nchini kwetu Uganda tarehe 17 Machi 2000 haijasahaulika: mamia ya waumini wa kikundi kimoja waliteketea ndani ya jengo lao la ibada huko kusini-magharibi, na siku zilizofuata maiti nyingine zikafukuliwa katika nyumba zilizotumiwa na viongozi wao. Sisi tulio wadogo tumeongezewa la pili, Shakahola, katika kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ambako tangu mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilitolewa ardhini msituni. Kwa hiyo mtu akisema ametoka katika kikundi, watu hukaa vizuri kwenye viti vyao wakisubiri asimulie alivyonusurika.

Mimi sikunusurika chochote. Watu walionilea hawakumchoma mtu wala kumnyima mtoto chakula. Jirani akifiwa, wao ndio waliofika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, na jembe walilolikuta limeanguka shambani kwa mtu walimrudishia mwenyewe hata kama kwake ni mwendo wa saa nzima. Ugumu wa kuondoka ulikuwa hapo. Mtu anayekimbia moto hahitaji kueleza. Mimi nilitakiwa kueleza kwa nini ninawaacha watu wema, na hata sasa maelezo yangu hayamridhishi mama yangu.

Kikundi chetu ni kijitawi cha uamsho ule ulioenea Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1930, ukitokea Gahini nchini Rwanda na kilima cha Namirembe hapa Kampala. Waliouingia waliitwa balokole, yaani waliookoka. Uamsho huo ulivuka mipaka ukafika Kenya, Tanganyika na Burundi, na wimbo wa Tukutendereza bado unaimbwa na watu wasiojua Kiganda hata kidogo. Balokole wengi ni Wakristo wa kanisa kama wengine. Lakini katika miaka ya 1970 walitokea ndugu walioona kwamba uamsho wenyewe umesinzia, wakataka kuamka tena, na waliotaka hivyo walikuja na masharti. Kutoka kwao vikazaliwa vikundi vidogo vidogo, na kila kimoja kikaongeza la kwake. Chetu sitakitaja jina. Mama yumo.

Kwetu deni lilikuwa dhambi. Si deni la benki tu. Hata chumvi ya dukani ya kulipa kesho ilikuwa dhambi, na mama aliwahi kutulisha mihogo isiyo na chumvi siku tatu huku mwenye duka akimsihi achukue. Hatukufuga mbwa, kwa sababu anayemtegemea mbwa usiku hamtegemei Mungu. Redio haikuingia nyumbani. Wasichana tulinyoa nywele. Kila siku saa kumi alfajiri tuliamka kuomba, na kila Ijumaa tulikutana nyumbani kwa mzee mmoja kuweka mambo nuruni, maana yake kusimama mbele ya wote na kutaja dhambi za wiki. Nilianza kusimama nikiwa na miaka minane. Kuna wiki ambazo sikuwa na dhambi ya kutosha, nikaazima moja kwa dada yangu.

Halafu kulikuwa na suala la Kiswahili. Wazee wetu walikiita lugha ya wanajeshi. Hawakuwa peke yao. Waganda wengi wa umri wao husema hivyo hivyo, na wana sababu. Babu yangu alizuiwa njiani mara nyingi wakati wa Idi Amin, na amri zote alizopigiwa kelele kwenye vizuizi zilikuwa za Kiswahili. Mwaka 1979 waliokuja kumwondoa Amin, wanajeshi wa Tanzania, nao waliingia Kampala wakizungumza Kiswahili, kwa hiyo hata ukombozi ulikuja kwa lugha ile ile ya bunduki. Kikundi chetu kiliongeza sababu ya pili: eti ni lugha ya wasioamini. Nilipochagua kusoma Kiswahili na ualimu, mzee mmoja aliuliza Ijumaa, mbele ya wote, kama nimekosa lugha ya kuzungumza na Mungu.

Swali lake lilinikaa kichwani hadi mwaka wa kwanza chuoni, niliposoma historia ya dini katika ufalme wa Buganda. Mmisionari Alexander Mackay, aliyefika Buganda mwaka 1878, hakujua Kiganda alipofika. Kabaka Mutesa alijua Kiswahili, kwani wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kukileta pamoja na Uislamu, na vijana wa ikulu walioanza kujifunza kusoma walianza na maandiko ya Kiswahili kabla ya yale ya Kiganda kuwa tayari. Mpaka leo katika Kiganda neno okusoma lina maana ya kusoma kitabu na pia ya kwenda kuabudu. Hata neno letu la dini, eddiini, limepita njia hiyo hiyo ya pwani. Nilipoyaona hayo nilicheka peke yangu maktabani. Wazee wangu walikuwa wakiikataa lugha ambayo kwayo habari wanayoihubiri iliwafikia babu zao. Sikupata nafasi ya kumwambia yule mzee, na sidhani ingesaidia.

Lakini si historia iliyonitoa. Kilichonitoa ni ada. Baba alikwisha kufariki, na mama aliuza kahawa yote ya mwaka ikatosha muhula mmoja. Wa pili ulipofika, ssenga wangu, dada yake baba, ambaye huuza ndizi sokoni na hakuwahi kuwa wa kikundi, alikopa shilingi 1,200,000 katika ushirika wao wa akiba na mikopo. Hakuniuliza. Alifika na risiti ya benki mkononi, akasema, “Mwana wa kaka yangu hawezi kukaa nyumbani kwa sababu ya karatasi.”

Ijumaa iliyofuata niliulizwa ada imetoka wapi, nikasema ukweli. Nikatakiwa nitubu na kuacha masomo mpaka fedha za halali zipatikane. Niliuangalia uso wa mama. Alikuwa ameinama. Nikasema siwezi kutubu kwa wema wa ssenga. Sikuwa nimepanga kusema hivyo, na wala sikupaza sauti. Wiki tatu baadaye ilitangazwa kwamba ndugu wasile pamoja nami wala kunishika mkono mpaka nirudi nuruni.

Waliosoma vitabu vya watu walioacha dini wanaweza kudhani kwamba kinachofuata ni uhuru. Kwangu kilichofuata ni saa kumi alfajiri. Mwili ulikuwa hauna habari kwamba tumeondoka. Uliamka wakati ule ule, kila siku, katika chumba cha hosteli chenye vitanda viwili, na mimi nikawa nalala macho wazi nisijue niombe au nisiombe, na nikiomba, nani ataniuliza kesho kama nimeomba. Niligundua kwamba sikuwahi kuomba bila shahidi. Mambo mengine yalikuwa mepesi zaidi, mengine ya kuchekesha. Nilinunua hereni za shilingi 2,000 pale Wandegeya, nikaziweka kwenye sanduku. Ziko humo mpaka leo, maana masikio yenyewe sijatoboa. Katika harusi ya mwanafunzi mwenzetu niliambiwa nicheze, miguu ikakataa kama mbuzi anayevutwa kamba. Nywele zilikua, na nikatambua kwamba nina kichwa chenye kuhitaji fedha na muda.

Mwenzangu wa chumbani ni Mwislamu kutoka Mbale. Yeye pia huamka alfajiri, na kwa miezi kadhaa tulikuwa wawili gizani, mmoja akitawadha, mwingine akitazama dari. Siku moja alirudi jioni amechoka, akaniambia anaswali kwanza ndipo ale, kwa sababu ana sala ya mchana ya kulipa. Nikamuuliza analipaje. Akasema sala ikikupita huwa ni deni, unailipa, basi. Hakusema kwa aibu wala kwa hofu. Alisema kama ssenga anavyozungumzia ushirika wake. Mimi niliyefundishwa kwamba deni humfukuza Mungu nyumbani, nilikaa kitandani nikimtazama mtu anayemdaiwa Mungu na bado wanaelewana.

Neno lililonifanyia kazi zaidi lilitoka darasani. Tulikuwa tukisoma habari fupi, na ndani yake mlikuwa na sentensi isemayo kwamba mwanamke fulani alimwonea imani mtoto wa jirani. Mwenzetu mmoja akaitafsiri kwa Kiganda kwamba aliona imani ndani ya mtoto. Mhadhiri, ambaye ni Mtanzania, akatabasamu na kutueleza kwamba kumwonea mtu imani ni kumhurumia, na kwamba ukimwambia mtu hana imani huenda humshutumu kwa kutomjua Mungu; unasema ana moyo mgumu. Darasa likaendelea na ngeli. Mimi sikuendelea.

Katika Kiganda imani ni okukkiriza, na kitenzi hicho hicho ndicho tunachotumia kwa kukubali. Ukiulizwa kama utakuja kesho na ukaitikia, umekkiriza. Sisemi kwamba Waganda wote wanaamini kwa kuitikia tu, hilo lingekuwa upuuzi. Lugha haimfungi mtu kiasi hicho. Nasema kwamba kikundi chetu kililishika neno hilo upande mmoja. Kuamini kulikuwa kukubali, na asiyekubali sharti moja hakuamini chochote. Sasa hapa palikuwa na lugha nyingine, ile ya vizuizi vya barabarani, ambayo imeiweka imani na huruma katika neno moja. Kwa kipimo hicho ssenga, ambaye hajui hata kufungua Biblia ukurasa unaotajwa, ana imani nyingi kuliko mkutano mzima wa Ijumaa. Lakini hata hapa nasita. Wale ndugu walikesha siku nne na maiti ya baba yangu. Wana imani ya aina zote mbili. Ila ya huruma huisha pale ya kukubali inapokataliwa.

Niseme pia ninachokikosa, kwa sababu wengi huona haya kukisema. Nakosa kuulizwa. Hapa chuoni mtu hukuuliza umesoma kiasi gani, umekula nini, una data. Hakuna anayekuuliza moyo wako ukoje na kusubiri jibu. Kule waliuliza kila wiki, na walikumbuka ulichojibu wiki iliyopita. Ni kweli kwamba walikumbuka hata ulichotaka wasahau. Mapenzi yale na upelelezi ule vilikaa kwenye mkeka mmoja na sijaona namna ya kuvitenganisha. Mimi na mwenzangu wa chumbani tumeanza kuulizana Ijumaa usiku. Hatusimami. Anayetaka kunyamaza hunyamaza.

Kanisa sijachagua. Jumapili nyingine naingia katika kanisa la chuo na kukaa nyuma, Jumapili nyingine nafua nguo. Naomba, ila kwa maneno machache, na mara nyingi kwa Kiswahili, labda kwa sababu katika lugha hii hakuna mtu aliyewahi kunifundisha niseme nini. Saa kumi alfajiri bado naamka. Ndio muda wangu wa kusoma, na kwa Kiganda sina haja ya kufafanua ni kusoma kupi. Mkopo wa ssenga nao tunaulipa pamoja. Nafundisha watoto wawili wa Mhindi mmoja Kiswahili siku za Jumamosi, na kila mwezi naandika kwenye daftari kilichobaki. Kwa uoga wa deni bado mimi ni mtu wa kikundi, na sioni sababu ya kuuponya.

Nyumbani nakwenda kila mwisho wa muhula. Napiga magoti mlangoni, namwamkia mama, naye hunijibu salamu zote, ndefu kama ilivyo desturi yetu, akiuliza habari za masomo, za afya, za ssenga, ila mkono hanipi. Chakula changu hukiweka kwenye sahani ya peke yake barazani. Yeye hula ndani. Mwanzoni alikaa jikoni. Mwaka jana alihamia chumba cha mbele, na siku hizi mkeka wake umefika kizingitini, kwa hiyo mgongo wake na wangu hutenganishwa na ukuta tu, tunazungumza tukiwa tunatafuna. Amri haijavunjwa: hatuli pamoja.

Desemba iliyopita aliniambia kupitia mlangoni kwamba mkutano mkubwa wa ndugu utafanyika kijijini kwetu mwezi wa Januari, na kwamba watakuja ndugu kutoka Kagera, ng'ambo ya mpaka, ambao hawajui Kiganda. Yeye amepangiwa kuwapokea akina mama. Akanyamaza. Kisha kalamu na karatasi iliyokunjwa vikasukumwa sakafuni kutoka ndani.

“Niandikie wanavyosalimiana,” akasema. “Na la kuwakaribisha chakula.”

Niliandika mistari kumi, nikairudisha karatasi. Akaomba nimsomee kwanza. Nikasoma kwa sauti nikiwa barazani, naye akarudia kutoka upande wake, neno baada ya neno, hadi tulipofika kwenye karibuni. Kila aliporudia alisema kalibuni. Nikamrudishia mara nne, akakwama mara nne, na mara ya tano nikamsikia akicheka.

“Basi watanielewa,” akasema. “Endelea na linalofuata.”