Mshtarii Nyuma ya Wingu

Likizo ya Desemba 2024 nilirudi nyumbani Palma nikiwa na mabegi mawili. Moja lilikuwa la nguo na vitabu. La pili lilikuwa na darubini ya mtumba yenye kioo cha milimita 114, miguu yake mitatu, na kishikizo cha plastiki cha kufungia simu kwenye lenzi. Mama alipoliona lile bomba refu jeupe hakuuliza limegharimu kiasi gani. Aliuliza kama wameliona mpakani, na walisema nini.

Swali lake lilikuwa na maana. Palma ilishambuliwa tarehe 24 Machi 2021, na sisi, kama maelfu ya wenzetu, tulikimbia. Tuliporudi tulikuta ua umeota majani na mlango wa nyuma umeng'olewa. Tangu hapo watu wa mtaani wamezoea kuangalia kila kitu kinachotokea usiku: taa inayowaka saa isiyo yake, mtu anayesimama peke yake gizani. Kijana anayeelekeza bomba angani saa sita ya usiku si jambo la kucheka. Kwa hiyo kabla sijafungua begi nilikwenda kwa katibu wa mtaa, nikamweleza ninachotaka kufanya, nikamwalika aje aone. Alikubali kwa sharti moja: nisitoke nje ya ua wetu.

Nilichotaka kukifanya ni kupiga picha ya Mshtarii ili nimwonyeshe babu. Babu alikuwa nahodha wa jahazi. Kusi likivuma alipanda kwenda Mtwara na Kilwa, na kaskazi likivuma alirudi. Njia za usiku alizijua kwa nyota. Sasa macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho, na la kushoto limebaki na mwanga tu. Kuchungulia kwenye lenzi ndogo ya darubini hawezi. Nilifikiri kwamba picha nikiikuza kwenye kioo cha kompyuta, huenda jicho la kulia likaipata.

Wakati ulikuwa mzuri kwa upande wa mbingu. Tarehe 7 Desemba Dunia ilipita kati ya Jua na Mshtarii, na sayari ikawa umbali wa takriban kilomita milioni 612 tu. Siku kama hizo Mshtarii huchomoza jua linapotua na hukaa juu usiku kucha. Kwa upande wa hewa, wakati ulikuwa mbaya kabisa. Sisi hatuna vuli na masika kama wenzetu wa Zanzibar na Dar es Salaam. Mvua yetu ni msimu mmoja, huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Tena nafasi hiyo ya sayari husogea mbele kwa mwezi mmoja hivi kila mara: mwaka 2022 ilikuwa Septemba, 2023 ikawa Novemba, 2024 Desemba, na iliyofuata ilikuwa Januari 2026, katikati ya mvua. Kungoja kusingenisaidia.

Usiku wa tarehe 7 mvua ilinyesha tangu magharibi mpaka alfajiri. Usiku wa 8 na wa 9 mawingu yalikuwa mazito, hayana mwanya. Usiku wa 10 wingu lilifunguka. Nilikimbia na darubini, nikaipata sayari, nikaanza kufunga simu, na wingu likafunga. Kwa ukuzaji wa mara 150, Mshtarii hukatiza uwanja wa lenzi kwa dakika moja na kidogo, kwa sababu Dunia inazunguka na darubini yangu haina mota ya kuifuata. Mtu anapaswa kuisukuma kwa mkono, polepole, huku simu inarekodi. Usiku ule nilipata sekunde kumi na moja za video. Nililaani wingu kwa sauti.

Babu alikuwa barazani. Akasema, "Mjukuu wangu, wingu halitukanwi. Mwezi wa Ramadhani ukifichwa na wingu tunafanya nini? Tunakamilisha thelathini. Tunahesabu, basi."

Nilikaa karibu naye. Nikamwonyesha upande wa kaskazini, ingawa nilijua haoni, nikamwambia kwamba Mshtarii uko pale, kulia kwa Kilimia. Kilimia alikijua vizuri. Alianza kunieleza miezi ya kulima na miezi ya kusafiri. Lakini hiyo nyingine hakuipa heshima. "Ile kubwa isiyometameta? Ile haina kituo. Mwaka huu iko hapa, mwaka ujao iko kule. Ukiifuata, utafika kwa watu wengine."

Shuleni nilifundishwa sayari hiyo kwa Kireno, Júpiter, pamoja na mambo yake: kwamba mwaka 1610 Galileo aliona miezi minne ikiizunguka, na kwamba siku yake haitimizi saa kumi. Jina Mshtarii nililikuta katika kamusi, nikiwa tayari mwanafunzi wa Kiswahili. Sikuwahi kufundishwa kwamba tofauti ya nyota na sayari ilikuwa inafahamika barazani kwetu, kwa mtu ambaye hakusoma darasa hata moja, na kwamba kutoijua kungeweza kukuzamishia jahazi.

Babu ndiye aliyenipa saa ya kufanyia kazi. Alasiri, alisema, upepo wa bahari husukuma mawingu bara, yanapanda na kunyesha. Usiku ukiwa mkubwa, bara likipoa, upepo hugeuka na anga la pwani husafika kidogo. Nilikuwa nikihangaika saa mbili na saa tatu usiku; yeye alinitaka nilale na kuamka saa saba. Nilianza kufanya hivyo.

Tarehe 15 Desemba, siku ya Jumapili, kimbunga Chido kiliingia nchi kavu Mecúfi, kusini ya Pemba. Palma iko mbali na hapo, zaidi ya kilomita mia mbili na nusu, na sisi tulipata mawingu na upepo tu. Lakini shangazi yangu, ambaye alitupokea tulipokimbia, anaishi Pemba. Simu yake haikupatikana siku hiyo, wala kesho yake, wala keshokutwa. Darubini ilikaa ndani ya begi. Mama alikaa na simu mapajani. Lile wingu nililolilaani kwa ajili ya picha, kwa wengine lilikuwa limekuja na nyumba. Shangazi alipiga siku ya nne kwa simu ya jirani. Paa lote la mabati lilikuwa limeondoka, yeye na watoto walikuwa wazima. Babu alimwuliza jambo moja tu, kama wana maji ya kunywa.

Usiku huo huo, wa tarehe 18, niliamka saa saba. Anga haikuwa safi. Kulikuwa na utando mwembamba wa wingu kila mahali, nyota ndogo zote zimefutika, lakini Mshtarii ulipenya kama taa nyuma ya pazia. Nilitaka kurudi kulala. Kisha niliona kwamba hata jani la mwembe halitikisiki.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo nilikuwa nimelisoma bila kulielewa. Adui wa picha ya sayari si giza la wingu peke yake. Ni mtikisiko wa hewa. Ni kama kutazama sarafu chini ya beseni la maji: maji yakichezacheza, sarafu inapinda hata kama taa ni kali. Usiku wenye utando mwembamba hewa inaweza kuwa imetulia, na Mshtarii una mwanga wa kutosha kuvumilia kupotezewa sehemu yake. Nilifunga kanga ya mama kwenye mdomo wa bomba kuzuia umande, nikaongeza muda wa kila picha kwenye simu, nikarekodi dakika mbili. Sikuzidisha sana, kwa sababu sayari inayozunguka upesi hivyo, ukirekodi muda mrefu, alama zake huchanganyika. Nikarudia mara sita.

Dakika mbili kwa fremu 30 kila sekunde ni fremu 3,600. Nyingi ni mbovu. Programu ya AutoStakkert huzipima moja moja, huchagua zilizo kali, huzipanga juu ya nyingine na kutoa wastani, na yale ambayo hayakuonekana katika fremu moja hujitokeza. Niliiambia ichukue moja katika kila kumi. Umeme ulikatika mara mbili, kompyuta ikabaki na betri. Alfajiri picha ilikuwa tayari.

Haikuwa picha ya kushindania zawadi. Kingo zilikuwa na ukungu, na lile doa jekundu maarufu halikuwapo. Lakini mikanda miwili ya kahawia ilionekana wazi. Niliijaza kwenye kioo kizima, nikaongeza weusi, nikampelekea babu baada ya swala. Aliinama mpaka pua ikakaribia kioo, akageuza kichwa kutafuta pembe ya jicho la kulia. Alikaa hivyo muda mrefu hadi nikaanza kutafuta maneno ya kumfariji.

"Ina mistari," alisema. "Miwili. Kama kikoi."

Kisha akaniuliza ni fremu ngapi nilizitupa. Nikamwambia elfu tatu na mia mbili na arobaini. Akacheka, akasema kwamba samaki nao huchaguliwa hivyo hivyo.

Jioni katibu wa mtaa alikuja na watoto wake wawili kuitazama ile picha. Babu ndiye aliyewaonyesha mikanda, kwa kidole, akikosea kidogo mahali pake. Sikumsahihisha. Tarehe 28 nilivuka Ruvuma kurudi masomoni na begi moja. Darubini niliiacha uvunguni mwa kitanda cha babu, imefungwa kanga, kwa ajili ya Januari 2026.