Mlango Tulioufunga

Jambo tutakalolieleza leo ni aibu ya nyumba, na aibu ya nyumba kwa desturi yetu husitiriwa. Lakini twaona sitara hii imekuwa pazia la kufunikia moto, na moto haufunikiki. Kwa hiyo tumeona heri tuseme.

Mtoto wa dada yetu alishikwa na unga. Aliuza viatu vyake, kisha saa ya marehemu baba yake, hata mwisho ikatoweka cherehani ambayo mama yake akipatia riziki. Siku ile sisi, kwa cheo chetu cha ujomba, tulimfukuza, na komeo tukalitia kwa mkono wetu. Tulidhani tumeitetea dini. Dada yetu hakusema neno. Ila kila usiku aliweka sahani ya wali barazani, na kila alfajiri twendapo msikitini tuliikuta tupu, nasi tukajifanya hatukuiona.

Uharamu wa kilevi si jambo la kujadiliana. Hilo limekwisha kukatwa. Swali lililotukosesha usingizi ni jingine: aliyekwisha kutumbukia, afanyweje?

Swali hilo dunia nzima yalibishania. Mwaka 1961 mataifa yalifanya mkataba huko New York juu ya madawa ya kulevya. Mkataba ule ulitanguliza afya na ustawi wa wanadamu, lakini serikali nyingi zilishika zaidi upande wa pingu. Mwaka 1971 Rais Nixon wa Marekani akautangaza ulevi huo kuwa adui wa kwanza wa taifa. Magereza yakajaa, na biashara haikukoma. Aprili 2016, kwa ombi la Mexico, Colombia na Guatemala, Umoja wa Mataifa ulifanya kikao maalumu juu ya jambo hili. Wako waliotaka adhabu zipunguzwe, wako waliokataa. Na juu ya adhabu ya kifo hawakupatana.

Katika hoja zote, iliyotugusa ni ya Ureno. Miaka ya 1990, katika kila watu 100 wa nchi ile, mmoja hivi alikuwa na taabu ya heroini. Tangu Julai 2001, akutwaye na kiasi cha matumizi yake kisichozidi siku 10 hapelekwi jela. Hufikishwa mbele ya baraza dogo la wajuzi wa sheria, afya na ustawi wa jamii, wamwulize habari zake na kumwongoza kwenye tiba. Kutumia hakukuhalalishwa, na kuuza kumebaki jinai. Mwaka ule wa 2001 watumiaji zaidi ya 1,000 walionekana kuwa na virusi vya Ukimwi. Mwaka 2012 hawakufika 100.

Wala tusidhani kulegeza sheria peke yake ni dawa. Jimbo la Oregon, Marekani, lilipiga kura mwaka 2020 kufuata njia kama hiyo. Adhabu ikaondoka upesi, tiba ikachelewa, watu wakaona mateso njiani, na mwaka 2024 bunge la jimbo likairudisha jinai. Kumwondolea mtu pingu bila ya kumshika mkono ni kumwacha palepale alipoanguka.

Hapo ndipo tulipoikumbuka habari ya mtu aliyeletwa mara kwa mara mbele ya Mtume S.A.W. kwa kosa la ulevi. Aliadhibiwa, lakini mmoja alipomlaani, Mtume alimkataza, akashuhudia kwamba mtu yule ampenda Mungu na Mtume wake. Tulikuwa tukiijua habari hiyo tangu chuoni, na siku tulipotia komeo haikutujia.

Hapa Dar es Salaam, hospitali ya Muhimbili ilianza mwaka 2011 kutoa methadoni, dawa inywewayo kila siku mbele ya mhudumu, imtulizayo mtu maumivu yale ambayo vijana huyaita arosto. Dada yetu ndiye aliyempeleka mwanawe. Sisi siku ya kwanza hatukwenda. Tuliona haya kuonekana. Siku ya tatu tulikwenda, tukamkuta yu katika safu, amekonda. Aliamka kutushika mkono, akatuita, "Mjomba, shikamoo." Tuliitikia kwa taabu.

Cherehani haikurudi. Kijana amerudi, ameanguka mara mbili, na mara mbili amekwenda tena kuipanga safu. Komeo tumeling'oa.

Wazazi wenzetu, waacheni mabaraza ya dunia yaendelee kubishana juu ya sheria. Ni kazi yao, na ina faida. Lakini mlango wa nyumba yako hauongojei mkutano wa New York. Chukia unga kwa moyo wako wote, na mwanao usimlaani.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie vizazi vyetu. Amin.