Tupange Kilosa Kama Tunavyopanga Ufaransa

Sikukuu zikishapita, kabla hata baridi ya Januari haijalegea, familia nyingi za Kitanzania hapa kusini mwa Uingereza huanza kupiga hesabu za likizo ya kiangazi. Hakuna nafasi ya kusitasita. Shule hufungwa mwishoni mwa Julai na kufunguliwa mwanzoni mwa Septemba, na mzazi anayemtoa mtoto darasani nje ya muda huo bila ruhusa anaweza kupigwa faini: tangu Agosti 2024 ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, na zisipolipwa ndani ya siku 21 zinakuwa 160. Kwa hiyo sote tunagombania wiki zile zile chache, na wauza tiketi wanalijua hilo.

Nyumbani kwangu huwa kuna safari mbili mezani. Moja ni ya Ufaransa: kupakia mahema kwenye gari, kuvuka bahari kwa meli na kupiga kambi kwenye pwani ya Brittany. Ya pili ni ya Kilosa, kwa mama yangu mzazi: ndege hadi Dar es Salaam, kisha treni. Wengi hulipima jambo hili kwa nauli peke yake. Nauli ina uzito wake, nami nitaigusa. Lakini ipo tofauti kubwa kuliko nauli. Ufaransa tunaipanga, Kilosa tunaitikia wito. Ufaransa tunaifungulia daftari miezi sita kabla. Kilosa tunaikatia tiketi usiku wa manane kwa sababu simu imelia. Ninaamini wakati umefika wa Kilosa nayo kufunguliwa daftari.

Uzuri wa safari ya Ufaransa ni wa kweli, tusiubeze. Kutoka Portsmouth hadi Ouistreham, bandari ya mji wa Caen, meli huchukua kama saa sita; kutoka Dover hadi Calais ni kama saa moja na nusu. Ndugu zangu wa Kilosa huielewa haraka nikiwaambia ni pantoni ya Kigamboni iliyokua ikapata vyumba vya kulala na migahawa. Unalipia gari na abiria, na hakuna anayekupimia mzigo kwa kilo. Hema, jiko la gesi, sufuria, mchele, unga wa sembe, bizari na iliki vyote vinaingia kwenye buti. Nyama na maziwa ndivyo haviruhusiwi. Sheria hiyo ilitukuta mwaka 2021, Uingereza ilipotoka kwenye soko la Umoja wa Ulaya. Garini lazima uwe na pembetatu ya tahadhari na fulana ya kung'aa, na ukishashuka bandarini unaendesha kulia.

Ndege ya kwenda Nantes au Bordeaux huonekana rahisi kwenye tangazo. Kwa watu wawili wasio na mizigo, inaweza kweli kuwa rahisi. Ongeza watoto, mabegi, gari la kukodi, viti vya watoto vya kukodi na hema la kukodi, na hesabu inageuka. Familia inayopiga kambi husafiri na nyumba yake, na nyumba haiingii kwenye begi la mkononi.

Meli hizo zina historia ninayopenda kuwasimulia watoto. Kampuni ya Brittany Ferries haikuanzishwa na matajiri wa bandari. Ilianzishwa na wakulima wa Brittany wakiongozwa na Alexis Gourvennec, waliochoka kuona koliflawa na atichoki zao zikikosa njia ya kufika sokoni Uingereza. Meli yao ya kwanza iliondoka Roscoff kwenda Plymouth tarehe 2 Januari 1973, siku moja baada ya Uingereza kujiunga na Jumuiya ya Ulaya. Watalii walikuja baadaye. Mtoto wa Kilosa hawezi kusikia habari hiyo bila kuwawaza wakulima wetu wa Dumila, wanaopanga nyanya kando ya barabara na kusubiri bei atakayoitaja mwenye gari.

Viwanja vya kambi navyo vina mzizi wake. Mwaka 1936 serikali ya vyama vya mrengo wa kushoto ilipitisha sheria iliyowapa wafanyakazi wa Ufaransa wiki mbili za likizo yenye malipo, na Léo Lagrange, aliyesimamia michezo na mapumziko katika serikali hiyo, akafanikisha tiketi za treni za bei nafuu. Watu ambao hawakuwahi kuiona bahari wakaiendea, wengine kwa baiskeli na hema mgongoni. Hadi leo halmashauri nyingi za miji midogo huendesha viwanja vyao vya kambi, vyenye maji, umeme na vyoo safi, kwa bei ambayo familia ya kawaida inaimudu.

Jioni nzuri kuliko zote huko huwa kwenye masinki ya kuoshea vyombo. Yamepangwa mstari mmoja chini ya paa, na akina baba wa Kiholanzi, Kifaransa na Kiingereza husimama na mabeseni yao ya plastiki wakisugua sufuria na kuulizana habari za barabara. Kule magharibi mwa Ufaransa jua la Julai huzama karibu saa nne usiku. Watoto wangu, ambao mjini kwetu hawavuki barabara bila mkono wa mtu mzima, hupotea na baiskeli hadi giza liingie. Hakuna anayeulizia simu yake.

Mambo ya karatasi, hata hivyo, hayatuachi. Mimi nina pasipoti ya Tanzania na kibali cha kuishi Uingereza, na kibali hicho hakinifikishi Ufaransa. Lazima niombe viza ya Schengen: euro 90, alama za vidole, taarifa za benki, bima, na uthibitisho wa kiwanja cha kambi. Watoto wana pasipoti za Uingereza na hupita bila kuulizwa viza. Tukishuka Dar es Salaam mambo yanapinduka: mimi napita kama mwenyeji, wao wanalipia viza ya dola 50 kila mmoja, kwani Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili na sisi tulishawachagulia upande. Nchi mbili, foleni mbili, na katika kila moja kuna mmoja wetu aliye mgeni.

Nilipomweleza mama kwamba wajukuu wake watalala kwenye hema kwa hiari yao, alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Kwani nyumba yenu imepata nini, mwanangu?" Hakuwa anatania. Kwa mtu wa Kilosa hema lina kumbukumbu nyingine. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 mto Mkondoa ulivunja tuta lake na kuingia mjini. Maelfu ya watu walipoteza nyumba na kuhamia kwenye kambi za mahema. Reli ya Kati, kipande cha kutoka Kilosa hadi Gulwe, ilisombwa, na treni zikasimama kwa miezi. Mama anayajua mahema yale kwa joto lake la mchana, kwa matope ya mlangoni, na kwa foleni ya unga. Kumwambia kwamba kuna watu wanalipa ili walale humo ni kumtaka aisahau picha aliyonayo.

Mazungumzo yale yalinifikirisha sana kuhusu mapumziko. Tanzania nayo ina sheria yake: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Lakini tuulizane siku hizo huenda wapi. Huenda kwenye kusimamia fundi, kwenye shamba, kwenye harusi, kwenye kumuuguza mzee, kwenye arobaini. Ni mambo mema, na ndiyo yanayotufanya watu. Ila aliyerudi kazini baada ya hayo yote hakupumzika, na wale aliokwenda kuwaona nao hawakupumzika, kwa sababu walikuwa wakimpikia.

Sisi wa ughaibuni tumelibeba jambo hilo na kulizidisha. Safari ya nyumbani huanza na mabegi mawili ya kilo 23 yaliyojaa mali za watu: simu ya binamu, viatu vya shemeji, dawa za goti za mama mdogo. Tukifika, kila siku ina nyumba ya kwenda kuhani au kusalimia. Watoto wanakaa kwenye makochi ya watu na soda mkononi, wanasema shikamoo kwa watu wasioweza kuwakumbuka, wanaambiwa wamekua. Bibi yao wanamwona akiwa amezungukwa na wageni, au jikoni. Siku ya kuondoka wanajua mengi kuhusu adabu na machache kuhusu bibi. Kisha wanarudi Uingereza, na ukiwauliza likizo waliyoifurahia, wanataja Ufaransa. Tusiwalaumu. Ufaransa ndiko walikopata muda wetu.

Hapo ndipo Mikumi inapoingia. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na iko jirani kabisa na Kilosa. Barabara ya kutoka mjini kwetu inapitia Ulaya, kijiji chenye jina hilo, hadi Mikumi mjini. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa na Zambia inaikata hifadhi kwa kilomita 50 hivi. Kila aliyewahi kupanda basi njia hiyo anaijua: matuta yanaanza, dereva anapunguza mwendo, abiria wanasogea madirishani, na mtu anapaza sauti, "Tembo hao, kulia!" Kuna swala, pundamilia, nyumbu, na twiga wamesimama pembeni wakisubiri malori yapite.

Watoto wengi wa Kilosa wamemwona tembo hivyo tu, kwa sekunde chache, kupitia kioo cha basi. Binamu za watoto wangu wamezaliwa na kukulia jirani na hifadhi na hawajawahi kulala ndani yake. Wanaolala humo ni wageni waliotoka mbali, wakiwemo watoto wangu kama tungewapeleka peke yao. Mimi silitaki hilo. Nataka wakae kwenye gari moja, binamu wa Southampton na binamu wa Kilosa, kwenye uwanda wa Mkata alfajiri, wakinyamaza pamoja kumtazama simba.

Langoni tutalipa bei mbili. Mwananchi hulipa kwa shilingi, mgeni hulipa kwa dola, na kiingilio cha mtoto wa Kilosa ni sehemu ndogo tu ya kiingilio cha binamu yake mwenye pasipoti ya Uingereza. Kuna wanaoudhika na jambo hili. Mimi naliona ni fursa: kuwaongeza binamu hakuipasui bajeti, na bila wao safari ile haina maana.

Kambi ya Mikumi si kambi ya Brittany. Hakuna uzio. Chakula hakilazwi ndani ya hema, hasa matunda, maana tembo huyafuata. Usiku mtu hatoki kwenda chooni kivyake, na mchana mbung'o wanauma, wanapenda nguo za bluu na nyeusi. Watoto wanaotoka Uingereza waanze dawa za kinga ya malaria kabla ya kuondoka. Na bibi asilazwe kwenye hema. Yapo malazi yenye kuta na kitanda, naye apewe hayo, akae barazani asubuhi akiletewa chai na wajukuu badala ya kuwachemshia. Kwake hilo peke yake litakuwa likizo.

Safari nayo imekuwa nyepesi kuliko zamani. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, ikafika Dodoma Julai mwaka huo huo, na inapita Kilosa kwa mahandaki yaliyochimbwa milimani. Julai na Agosti, wakati shule za Uingereza zimefungwa, ndio kiangazi chetu pia: barabara ni kavu, mvua iko mbali, na wanyama wa Mikumi wanakusanyika kwenye maji. Angalau hapo kalenda ya ugenini na kalenda ya nyumbani zinakubaliana.

Kwa hiyo nyumbani kwangu tumeamua: mwaka mmoja meli, mwaka unaofuata ndege. Mwaka wa meli, akiba tunayoiweka kila mwezi inagawanywa, nusu Ufaransa, nusu inasubiri Kilosa. Mwaka wa ndege, tunaanza na Mikumi kabla ya kuzunguka kusalimia, kwa sababu tukianza na kusalimia, siku zitaliwa na Mikumi haitafikika. Wazee wanaambiwa mapema, kwa heshima, kwamba siku zile ni za familia, na kwamba ziara na vikao vitafuata. Mzee hukasirishwa na kushtukizwa. Mpango alioshirikishwa huutetea yeye mwenyewe mbele ya wengine.

Misiba itatuita, na tutaitika, hilo halibadiliki. Lakini watoto wetu hawawezi kuipenda nchi wanayoiona ikiwa kwenye kilio tu. Nawasihi wenzangu wa Southampton, Reading na London: kabla hujalipia kiwanja cha Brittany, chagua pia tarehe ya Kilosa, au ya Tanga, Bukoba, popote kwenu. Mpigie mama, umwambie mnakuja Julai, na kwamba hakuna mgonjwa wala arobaini, mnataka tu kupumzika naye. Mwambie mapema, ili naye apate muda wa kupanga.