Daftari la Mtaala

Jumatatu, 3 Februari 2025. Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi

Mvua tangu alfajiri, njia ya kwenda kliniki ni tope tupu. Tumekaa wanne kwenye darasa la kuazima: mimi, Mama Muuguzi wa Uvira, kijana wa Kirundi mwenye diploma, na dada wa Kimalawi anayefundisha ukunga. Tunaandika rasimu ya shahada mseto ya Afya na Jamii, miaka minne, tuipeleke kwa chuo chochote kitakachokubali kuibeba.

Rasimu ya kwanza imetoka kama rasimu zote: baiolojia na takwimu mwaka wa kwanza, magonjwa mwaka wa pili, halafu jamii inaingia mwaka wa tatu kama mgeni aliyechelewa harusini. Nimekataa. Nataka jamii ianze. Mama Muuguzi akanitazama juu ya miwani: "Kaka, mtu asiyejua ini liko upande gani, unamtuma akahoji wagonjwa?" Ana hoja, lakini sikumwambia. Tumeahirisha.

Alhamisi, 6 Februari. Lilongwe

Minibasi imejaa hadi mlangoni, Lumbadzi, Kanengo, mpaka mjini. Nimeshuka soko la Tsoka kutoa fotokopi. Mitumba imefunikwa plastiki kwa sababu ya manyunyu. Muuza viatu ameniuliza kama mimi ni Mrundi. Mjini hapa kila mwenye lafudhi ya Kiswahili ni Mrundi, Mkongomani apende asipende. Nilipokuwa nasubiri mashine nikawa nawawaza waliokuwa na vibanda na maduka mjini kabla ya 2023, serikali ilipoamuru wakimbizi warudi kambini na Mei polisi wakaanza kuwabeba. Walirudishwa Dzaleka, kambi iliyofunguliwa 1994 mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wa Rais Banda, ikapangiwa watu elfu kumi hadi kumi na mbili. Leo wamepita 50,000. Hilo peke yake ni muhula mzima: maji, choo, kikohozi, usingizi.

Mhadhiri niliyekwenda kumwona amenisikiliza vizuri kisha akauliza swali moja tu la maana: nani atawaajiri? Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, lakini ikakataa kufungwa na vifungu kadhaa, kikiwemo cha kazi ya mshahara na cha uhuru wa kutembea. Ukimsomesha mkimbizi uuguzi, mwisho wake ni leseni, na leseni ina mlango na mlinzi. Afya na Jamii haina leseni. Mwanzoni niliona huo ni udhaifu, lakini kwenye minibasi ya kurudi nikaanza kuona ni nafuu. Mhitimu atafanya kazi zinazofanyika hapa hapa tayari kwa posho ndogo: ukalimani, ushauri, kufuatilia wagonjwa majumbani, kukusanya takwimu za mashirika. Tofauti ni kwamba atajua anachokifanya, na ataweza kubishana na anayemtuma.



Jumapili, 9 Februari

Baada ya misa nimepanga vitabu. Virchow yumo, lazima: mwaka 1848 alitumwa Silesia ya Juu kuchunguza homa ya taifasi, akarudi na ripoti inayodai shule, barabara na watu wajitawale. Ripoti ya tume ya Shirika la Afya Duniani iliyoongozwa na Michael Marmot, 2008, nayo imo. Ila sitaki tuanze na hao wawili. Wanafunzi wataandika "umaskini husababisha magonjwa", watapata alama, basi.

Nataka tuanze na John Janzen, kitabu chake cha 1978 kuhusu Kongo ya Chini. Anaonyesha kwamba mgonjwa haamui peke yake. Ndugu hukaa, hubishana, humpeleka hospitali, kisha kwa mganga, kisha hospitali tena. Mwanafunzi wa Fizi au Bujumbura hahitaji kufafanuliwa hilo, ameshakaa kwenye vikao hivyo. Swali gumu ni la hapa: ndugu wametawanyika, mjomba yuko kambi ya Nyarugusu Tanzania, dada yuko Kakuma Kenya, mwingine alishapelekwa Marekani. Nani anakaa kikao? Jirani? Mchungaji? Kiongozi wa bloku? Au kikao kimehamia kwenye WhatsApp, na mwenye bando ndiye mwenye kauli? Sijaona kitabu kinachojibu hilo. Wanafunzi wetu waandike.

Megan Vaughan, 1991, kuhusu udaktari wa kikoloni, Nyasaland ikiwemo: mwaka wa pili. Kizito, lakini kinafaa.

Jumanne, 18 Februari

Leo tumejaribu somo moja na vijana wa kujitolea. Mama mmoja wa Fizi alikubali tusome kitabu chake cha hospitali, akakaa nasi darasani. Malawi faili la mgonjwa haliko hospitali. Mgonjwa hununua kitabu chake, hukitunza, huenda nacho. Chake kilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, pembe zimeliwa na unyevu. Mwandiko wa watu watatu. Presha 180 kwa 110. HCTZ, dawa ya presha, kidonge kimoja kwa siku. Miezi ya mbele presha imeshuka, inapanda, kisha hakuna kitu kuanzia Novemba hadi Januari, na chini yake mhuri na maneno ya Kiingereza kwamba mgonjwa ameacha dawa.

Nikamuuliza kwa nini. "Siku ya franga haingojaka mutu, mwalimu." Kliniki iliangukia siku ya kupokea fedha ya chakula. Nikaandika ubaoni, nimeridhika. Somo langu la jamii hilo. Mama Muuguzi hakuridhika. Siku hiyo ni moja, akasema, na hapa kuna miezi mitatu. Akauliza kidonge hiki kinafanya nini mwilini. Kimya. Akachora figo, akachora chumvi na maji vinavyotolewa, akasema: kinamkojoza mtu, hasa saa za mwanzo.

Hapo yule mama akacheka, akajifunika uso kwa kitenge. Foleni ya maji inaanza gizani, choo kiko mbali, na ukitoka kwenye mstari ndoo yako inasukumwa nyuma. Kwa hiyo anaruka kidonge siku za foleni. Siku za foleni ni karibu kila siku.

Bila figo tusingeuliza swali, na bila foleni tusingepata jibu. Jioni nimefuta jedwali la miaka. Kila muhula utaanzia kwenye kisa kimoja, na baiolojia, takwimu, sheria na historia vyote viingie kupitia kisa hicho. Mama Muuguzi anasema sasa ndiyo tunaongea.

Ijumaa, 21 Februari

Tukifundishia vitabu vya wagonjwa, kuficha jina hakutoshi. Kambi ni ndogo, mwandiko wa tabibu unajulikana, ugonjwa unajulikana. Dada mkunga anapendekeza vitabu vya kutunga, vilivyochanganywa kutoka visa vingi. Nimekubali kwa mwaka wa kwanza.

Jumatano, 5 Machi

Rasimu imeondoka kwa mhadhiri. Kipindupindu cha 2022 na 2023, kilichoua zaidi ya watu 1,700 nchini, kinachukua muhula mzima: kijidudu, mabomba, Kimbunga Freddy, chanjo, mazishi. Somo la "uongozi" nimelitoa, wafadhili watalirudisha wenyewe. Somo la nani analipia dawa lilikuwa mwaka wa nne. Tangu Marekani isimamishe misaada Januari, nimelivuta hadi la kwanza.

Mhadhiri amejibu jioni hii hii. Anataka Kichewa kiwe cha lazima kwa wote, na Kiswahili kwa Wamalawi watakaojiunga. Kijana wa Kirundi analalamika kwamba ana lugha nne tayari. Mimi naunga mkono: tabibu anayeandika kwenye kile kitabu anafikiri kwa Kichewa. Alhamisi ijayo mimi na kijana twende mjini, yeye mwenyewe amweleze mhadhiri.