Spea ya Bomba la Dawa: Ijaribu kwa Maji Kabla ya Kuibeba na Sumu



Kila msimu pamba inapoanza kuweka vitumba, swali linalonifikia mara nyingi kuliko yote huwa linahusu spea. "Afisa, washa ya bomba imekufa. Orijino haipatikani, ila kuna ya kawaida, bei yake nafuu. Ninunue?" Wananiuliza wakulima wa Kishapu, na wa upande wa Geita wananiuliza hivyo hivyo. Jibu langu kwa miaka sasa ni moja: nunua, lakini usiibebe mgongoni na dawa mpaka umeijaribu kwa maji.

Najua wapo wanaosema ununue orijino tu. Ni ushauri mzuri kwa mtu anayeishi karibu na duka lenye orijino. Wengi wetu bomba tumelipata kwa mkopo kupitia AMCOS, au tumelinunua mnadani, na hatujui wakala wa kiwanda chake yuko mji gani. Spea nyingi tunazokutana nazo madukani zimetengenezwa na kiwanda kingine ili zilingane na bomba letu. Baadhi ni nzuri na zinadumu. Nyingine zinakufa siku ya pili. Pakiti haiwezi kukuambia ipi ni ipi, maana nembo ni kitu rahisi kuchapisha.

Wachimbaji wa Geita hunielewa haraka, kwa sababu jambo hili wanalijua kwenye karasha. Mwenye karasha hanunui beringi kwa kutazama boksi. Anaizungusha mkononi, anasikiliza kama inakwaruza, anapima kama inakaa kwenye shafti vizuri, kisha anamuuliza jirani yake wa mwaloni ile aliyofunga mwezi uliopita imedumu siku ngapi. Karasha likisimama, mawe yanabaki kwenye viroba na vijana wanakosa kazi. Bomba la dawa linastahili uangalifu huo, tena zaidi, kwa kuwa beringi mbovu haimwagi sumu mgongoni kwa mtu.

Hilo la mgongoni nimeliona. Kijana mmoja, mwendesha bodaboda anayelima ekari mbili za pamba, alifunga washa mpya asubuhi akaingia shambani moja kwa moja. Dawa ilikuwa ya profenofosi. Kufika katikati ya shamba washa ilikuwa imevimba na bomba linavuja. Shati likalowa. Akaendelea, kwa sababu wingu la mvua lilikuwa limeshasimama na alitaka kumaliza. Jioni kichwa kilimgonga, jasho likamtoka na mate yakamjaa mdomoni. Ndugu zake walimvua nguo, wakamwogesha kwa maji mengi na sabuni, wakampeleka zahanati pamoja na chupa ya dawa ili mganga asome lebo. Alipona. Lakini washa ile ilikuwa ndogo kuliko kifuniko cha soda, na ndiyo iliyotaka kuiachia familia msiba.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayoyaangalia mimi, kwa mpangilio ninaoufuata.

Washa na oringi

Dawa nyingi za wadudu wa pamba ambazo lebo yake ina herufi EC zimeyeyushwa katika vimiminika vya jamii ya mafuta. Mpira wa kawaida hunywa vimiminika hivyo, ukavimba na kulegea. Mpira uliotengenezwa kwa kazi hiyo unastahimili. Kwa macho, yote miwili ni myeusi na inang'aa.

Nunua washa mbili zinazofanana. Moja itumbukize kwenye kikopo chenye mafuta ya taa, ikae usiku kucha, mbali na moto na watoto. Asubuhi iweke sambamba na mwenzake. Ikiwa imekuwa kubwa, imelainika, au haikai tena kwenye mfereji wake, usiifunge kwenye bomba. Isipobadilika, ioshe kwa sabuni, maana imevuka hatua ya kwanza. Jaribio hili linachuja zile mbaya kabisa. Halikuhakikishii kwamba washa itadumu msimu mzima, ndiyo maana ile ya pili ibaki nayo mfukoni kama akiba.

Nozeli

Hapa ndipo hasara hutokea kimya kimya. Nozeli mbaya haikulowanishi, inaharibu kipimo.

Tuchukue hesabu. Bomba lako ni la lita 16 na ekari moja inakula mabomba matano, yaani lita 80. Nozeli yako ikiwa mpya ilitoa mililita 600 kwa dakika. Sasa umefunga ya dukani inayotoa mililita 780. Kwa mwendo ule ule wa miguu, ekari itakula lita 104, yaani mabomba sita na nusu. Kwa kuwa unapima dawa kwa kila bomba, chupa uliyoinunulia ekari moja itaisha kabla ya mistari ya mwisho, na hiyo iliyobaki ndiyo funza wa vitumba watakayohamia. Ukifunga inayotoa mililita 450, ekari itapata lita 60 tu. Hapo chupa itabaki na dawa, utafurahi kwamba umeokoa, na wiki inayofuata utasema dawa ilikuwa feki.

Kupima ni rahisi. Weka maji safi, piga mkono wa bomba kwa mdundo wako wa kawaida, kinga maji ya nozeli kwenye jagi lenye alama kwa dakika moja kamili ya simu. Rudia mara tatu. Kisha pima nozeli nyingine ya aina hiyo hiyo. Zikitofautiana kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, kiwanda hicho hakina kipimo, achana nacho. Na nozeli ya zamani ikizidi kiasi ilichotoa ikiwa mpya kwa sehemu moja ya kumi, ibadilishe.

Rangi nayo ina maana yake. Kwenye nozeli zinazofuata kipimo cha kimataifa, ya njano hutoa lita 0.8 kwa dakika na ya bluu lita 1.2, kwa mgandamizo wa bari 3. Bomba la mkono mara nyingi halifiki hapo, hivyo maji yatapungua, lakini ya bluu lazima iizidi ya njano kwa nusu yake. Ukipima zikatoa sawa, rangi hiyo ni pambo tu.

Pia usidanganywe na shaba. Inang'aa na ni nzito mkononi, lakini tundu lake hulika haraka kuliko la plastiki ngumu iliyotengenezwa vizuri. La kauri ndilo hudumu kuliko yote. Na yoyote utakayochagua, usiizibue kwa waya wala kuipuliza kwa mdomo. Waya hupanua tundu, mdomo hubeba sumu. Tumia maji na mswaki mkuukuu.

Valvu, nyuzi na mpira wa maji

Spea inayolingana huingia kwa vidole. Ukilazimika kutumia koleo kuifunga nati ya plastiki, nyuzi zimepishana, na zitapasuka ukiwa katikati ya shamba.

Baada ya kufunga, jaza maji, piga mkono mpaka uwe mgumu, usifungue maji. Liache bomba juu ya boksi kavu la karatasi kwa nusu saa. Doa lolote la maji litakuonyesha panapovuja. Mkono ukijipandisha wenyewe taratibu, valvu hairudishi vizuri. Kisha livae mgongoni, tembea nalo uwanjani dakika kumi ukinyunyizia maji matupu, ujipapase kiunoni. Pakiwa pakavu, umefaulu.

Spea za mtumba

Mpira wa maji uliotolewa kwenye bomba la mtu mwingine ni wa kuogopa, hasa kama lilitumika kwa dawa ya magugu ya mahindi. Dawa ya 2,4-D hujificha ndani ya mpira na washa, na pamba haiivumilii hata kwa kiasi kidogo sana. Majani hujikunja na kurefuka kama vidole, na vitumba hudondoka. Nimeitwa shambani kuangalia "ugonjwa mpya" ambao chanzo chake kilikuwa mpira wa kuazima. Mwenye uwezo awe na bomba la magugu peke yake na la wadudu peke yake, kila moja na spea zake.

Namna ya kununua

Nenda dukani na spea mbovu mkononi, usiende na maelezo ya mdomo. Nunua moja au mbili kwanza, ujaribu, ndipo urudi kununua za kikundi kizima. Dai risiti, na mwombe muuzaji akubali kurudishiwa ikivuja kwa maji safi. Anayejua mzigo wake hatakataa. Ukipata inayofaa, andika kwenye daftari jina lililo kwenye pakiti, duka na tarehe, kisha mwambie jirani. Mwaka jana kikundi kimoja ninachokihudumia kilifanya hivyo kwa msimu mmoja tu, na daftari lao sasa linanisaidia mimi kuliko katalogi yoyote.

Wakati wa kufanya yote haya ni kabla ya kupanda, mvua za Novemba zikiwa bado hazijatushika. Wadudu wakishaingia shambani, hakuna mwenye subira ya kukinga maji kwa jagi, na hapo ndipo muuzaji yeyote anakuuzia chochote.

Kwa hiyo wiki hii litoe bomba lako darini, lioshe, lijaze maji na ulipige mkono. Panapovuja ndipo pa kuanzia. Na siku ya kupulizia, hata kama spea imefaulu kila jaribio, vaa mikono mirefu na mabuti, mfukoni uwe na washa ya akiba, na mgongo ukilowa, shuka ulitue bomba, vua shati na uoge kwa sabuni hapo hapo. Mvua ikiosha dawa utapulizia tena siku nyingine.